Noti Moja, Sauti Mbili

Fundi alipandisha sauti ya tivi mpaka mwisho, akainamisha kichwa akisikiliza, kisha akatabasamu.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Hiyo ndiyo sauti ya gemu."

Mimi niliyeiandika noti ile nilibaki nimesimama na pedi mkononi. Jana yake usiku niliisikia kwenye laptopu, katika emuleta (programu inayoiga mashine ya gemu), nene na tulivu. Sasa, kwenye banda la Fundi kule Temeke, katika tivi ya chogo, ilitoka nyembamba na kali kama nzumari. Noti ni ileile na programu ni ileile.

Ilikuwa sauti nzuri, na naijua tangu utotoni. Ila siyo niliyoiandika.

Jambo hilo lilikaa nami wiki kadhaa. Nilikuwa kazini naliwaza, kwenye daladala naliwaza. Leo naliandika kwa sababu limenifundisha asembli, lugha ya kuiamuru prosesa hatua kwa hatua, kuliko sura yoyote niliyosoma, na kwa sababu sikulitatua peke yangu.

## Baiti tano

Tuko wachache. Mwalimu wa fizikia aliyeko Moshi, dada mmoja wa Mombasa anayefanya kazi kwenye mitambo ya simu, Fundi, na mimi. Tunajifunza asembli ya prosesa (chipu inayotekeleza amri) ya 6502, ile iliyomo kwenye mashine za gemu za kaseti tulizokua nazo: pedi mbili, bunduki ya plastiki, kaseti ya njano iliyoandikwa ina gemu mamia na ndani zinajirudia. Mnazijua.

Siku ile niliwaandikia maelezo marefu kwenye WhatsApp. Nilieleza nilivyosikia, nilichodhani, nilichotaka kujaribu. Mwalimu akanijibu kwa maneno mawili.

"Nitumie baiti."

Nikamtumia tano, kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa kumi na sita:

A9 BF 8D 00 40

Baada ya kuzisoma hizi, mengine yote yananyooka. A9 ni amri ya kupakia thamani inayofuata kwenye rejista A, kihifadhi kidogo ndani ya prosesa. Thamani hiyo ni BF. 8D ni amri ya kuihifadhi A kwenye anwani inayofuata, na anwani huandikwa kinyumenyume, kwa hiyo 00 40 ni $4000 (alama ya $ huonyesha heksadesimali). Huko ndiko inakoamriwa chaneli ya kwanza ya sauti. Ukiifungua BF kwa biti, yaani sifuri na moja zake nane, unapata 10111111, na biti mbili za kushoto ndizo zinazochagua umbo la wimbi. Ukiweka 00, wimbi linakaa juu sehemu moja ya nane ya muda wake. 01 ni robo, 10 ni nusu, 11 ni robo tatu.

Mimi nilikuwa na 10. Nusu juu, nusu chini. Hiyo ndiyo sauti nene.

"Umeandika nusu," Mwalimu akasema katika ujumbe wa sauti, nyuma yake wanafunzi wakipiga kelele. "Na masikio yako yanasema siyo nusu. Basi programu usiiguse kwanza."

Nilitamani sana kuigusa. Mkono wa mtu anayeandika programu hukimbilia programu, maana ndicho kitu anachoweza kukibadilisha akiwa amekaa. Ushauri ule wa kutogusa ulikuwa mgumu kuliko zoezi lolote alilowahi kunipa.

## Kuchoma mara moja, kuuliza mara nne

Kaseti yetu ameiunda Fundi. Bodi yake ina soketi mbili: moja ya chipu ya kilobaiti 32 kwa ajili ya programu, nyingine ya kilobaiti 8 kwa ajili ya picha. Chipu zenyewe ni EPROM za zamani, zenye kidirisha cha kioo mgongoni. Kuzifuta unaziweka chini ya taa ya urujuanimno kama robo saa hivi, unazichoma upya (yaani unaziandikia programu mpya), unazirudisha kwenye soketi kwa uangalifu pini zisipinde, ndipo unawasha.

Kwenye laptopu, ukibadilisha baiti moja unaona matokeo kabla hujapumua. Kwa Fundi unakunywa chai nzima ukisubiri chipu ifutike. Mwanzoni nilidhani huo ni usumbufu tu. Baadaye nikaona kwamba muda ule wa taa ndio tuliokuwa tukifikiri kweli. Huwezi kubahatisha ukiwa na taa ya robo saa. Unalazimika kujiuliza jaribio hili litakuambia nini hata likishindwa.

Mpango wangu ulikuwa kuchoma programu nne, kila moja na thamani yake ya umbo la wimbi. Mwalimu akanizuia.

"Ichome mara moja, halafu iulize mara nne."

Maana yake, programu moja ipige noti bila kukoma, na kila nikibonyeza kitufe cha A kwenye pedi, biti mbili za kushoto zisonge mbele: 00, 01, 10, 11, kisha zirudi mwanzo. Kusoma pedi nilikuwa nimeshajua: unaandika 1 kwenye $4016, unaandika 0, halafu unaisoma anwani hiyohiyo biti moja moja, na ya kwanza kutoka ni A. Niliandika yote jioni moja. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kumweleza mtu asiyewahi kuiandikia mashine swali.

## Kioo cha kijani

Fundi hajui asembli, na anasema hana haja nayo. Alichonacho ni osiloskopu, kifaa kinachochora umeme kama wimbi, kuukuu yenye kioo cha kijani, na miaka mingi ya kutazama kinachotoka kwenye waya.

Alichomeka ncha ya osiloskopu kwenye tundu la sauti la mashine ya gemu. Akairekebisha mpaka kila mraba wa kioo ukawa milisekunde moja. Noti yangu ilikuwa ya hezi 440 hivi, kwa hiyo wimbi zima huchukua miraba miwili na robo. Likiwa nusu kwa nusu, linapaswa kukaa juu mraba mmoja na kidogo.

Lilikaa juu nusu mraba tu.

"Mbona juu pameinama?" nikauliza. Mstari wa juu haukuwa sawa, ulikuwa unateremka upande.

"Hiyo kapasita, mwanangu, achana nayo. Tazama linapopanda na linaposhuka."

Nikatazama linapopanda na linaposhuka. Hapakuwa na ubishi. Nimeandika nusu, mashine inatoa robo. Nikabonyeza A nikazipitia zote, Fundi akaandika kwa kalamu ya bluu nyuma ya boksi la balbu:

00 – moja ya nane
01 – nusu
10 – robo
11 – robo tatu

Nikalipiga picha boksi lile nikawatumia wenzangu. Bado ninalo.

## Waya mbili

Nilitarajia maelezo kutoka kwa Mwalimu. Yalikuja kutoka Mombasa, usiku, nikiwa nimeshalala.

"Ndugu yangu, hebu zitazame hizo biti kama waya. Waya wa kushoto na waya wa kulia. Sasa zipishanishe. 00 yabaki 00. 11 yabaki 11. Yabadilika nini?"

Niliisikiliza mara mbili kabla sijaamka kutafuta kalamu.

Ukizipishanisha, 01 inakuwa 10, na 10 inakuwa 01. Za pembeni hazibadiliki kwa sababu biti zake zinafanana. Jedwali lote la Fundi, mistari minne yote, linaelezeka kwa jambo moja: ndani ya chipu hii biti ya sita na biti ya saba (zile mbili za kushoto, ukihesabu kutoka kulia kuanzia sifuri) zimebadilishana nafasi.

Hapo ndipo nilipogeuka. Kabla ya usiku ule nilikuwa nikiiona asembli kama orodha ndefu ya kanuni za kukariri, na ubora wa mtu kama wingi wa kanuni alizokariri. Lakini dada yule hakunipa kanuni. Alinionyesha namna ya kutazama, na nilipotazama hivyo kanuni ikajitokeza yenyewe. Biti haikuwa tena alama niliyoandika kwenye skrini. Ilikuwa waya, una mahali unapotoka na mahali unapofika, na kuna mtu aliyeuchora.

## 1B

Tulitaka kujua mashine hii ni ya aina gani. Fundi aliifungua kwa bisibisi, lakini ndani hapakuwa na jina la kusoma: tone jeusi la gundi ngumu katikati ya bodi, na kila kitu kimezikwa chini yake. Mtu wa Japani aliyefungua Family Computer ya 1983 aliikuta chipu ya Ricoh imeandikwa jina lake. Sisi tuliletewa nakala, na nakala hazijitambulishi.

Basi tukaiuliza nayo hilo. Swali lenyewe ni amri nne:

subiri: INX
        BNE subiri
        INY
        JMP subiri

Rejista X na Y zinaanzia sifuri. INX huongeza X kwa moja na hula mapigo mawili ya saa. BNE hurudi kwenye subiri kama X si sifuri, na inaporuka hula matatu. X ikishazunguka mara 256 na kurudi sifuri, Y inaongezeka moja. Mzunguko mzima ni mapigo 1,284. Lupu hii haina mlango wa kutokea. Inakatizwa na NMI, ishara inayokuja kila tivi inapomaliza kuchora picha moja, na hapo ndipo tunaisoma Y.

Mashine ya Japani au Marekani hupiga kama mapigo 29,780 kwa kila picha, kwa hiyo Y itakuwa 23. Ile rasmi ya Ulaya hupiga 33,247, Y itakuwa 25. Namba ya kwetu ilitokea kwenye tivi kwa heksadesimali: 1B. Yaani 27.

Ishirini na saba ni mapigo yapata 35,464 kwa picha, na hiyo ni familia inayojulikana. Kwenye emuleta inaitwa Dendy, jina la chapa iliyouzwa Urusi kuanzia 1992. Ndugu zake Poland waliitwa Pegasus. Ni nakala zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi zenye tivi za picha 50 kwa sekunde, kama yetu, lakini zipigishe kaseti zilizoandikwa kwa picha 60. Waundaji waliifanya saa ya prosesa ikaribiane na ya Japani, megahezi 1.77 dhidi ya 1.79, na mistari ya ziada ya tivi wakaiweka mahali ambapo haivurugi hesabu za gemu. Aliyefikiria hivyo alikuwa mtu makini. Sijui kama kuna aliyemshukuru.

Hilo likanifumbua na jingine. Muziki wa gemu hizo huhesabiwa kwa picha. Wimbo wa dakika moja kule Japani, kwetu ulikwenda dakika moja na sekunde 12. Tuliusikia polepole zaidi, chini kidogo, na kwa mawimbi yaliyobadilishana umbo. Watoto wa mtaa mzima waliimba nyimbo zile kwa mwendo huo, na ndio mwendo ninaoujua mimi.

## Umejifunza au umesaidiwa?

Nilipomsimulia shemeji yangu habari hii yote, alisikiliza vizuri kisha akauliza, bila ubaya wowote: "Sasa wewe umejifunza, au umesaidiwa?"

Swali lile lilinichoma. Baiti aliziomba Mwalimu. Wimbi alilipima Fundi. Waya alizipishanisha dada. Mimi nilikuwa nabonyeza A.

Nimelifikiria sana, na ninachoweza kusema ni hiki. Hata 6502 yenyewe hakuna mtu mmoja aliyeijua peke yake. Chuck Peddle, Bill Mensch na wenzao walitoka Motorola wakaenda MOS Technology, wakaichora saketi yake kwa mkono, na 1975 wakaiuza kwa dola 25 wakati prosesa za washindani zilikuwa mamia ya dola. Ili bei hiyo iwezekane, waliondoa kila kilichoweza kuondolewa. Ndiyo maana rejista za kufanyia kazi ni tatu tu, A, X na Y, na ndiyo maana baiti 256 za mwanzo wa kumbukumbu zimepewa njia fupi ya kufikiwa, zizibe pengo hilo.

Nilikuwa nimekariri kwamba kabla ya SBC, amri ya kutoa, lazima uandike SEC. Mwalimu ndiye aliyenieleza sababu: ndani ya prosesa kutoa ni kujumlisha. Inazigeuza biti zote za namba unayoitoa, inazijumlisha na A, na ile moja inayokamilisha hesabu inatoka kwenye bendera, biti ya alama ambayo SEC imeisimamisha. Hakuna mashine ya pili ya kutoa. Wangeiweka, dola 25 zisingetosha. Tangu siku hiyo siandiki SEC kwa utii, naiandika kwa kuelewa, na tofauti hiyo naiona kwenye kazi yangu.

Baadaye nilikuwa naandika sentensi kwenye skrini kwa kutumia vipicha vinavyoelea, na herufi za mwisho zikawa zinapotea. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza, ilikuwa saa nane usiku. Sikuigusa programu. Nilihesabu herufi zilizoonekana: nane. Nikafupisha sentensi, zikaonekana zote. Nikashusha nusu ya herufi mstari wa chini, zikaonekana zote tena. Mashine haichori zaidi ya vipicha vinane kwenye mstari mmoja wa tivi. Kikomo hicho kimeandikwa kila mahali, lakini mimi nilikipata kwa mwendo niliofundishwa na watu watatu, nikiwa peke yangu.

Shemeji nilimjibu kwamba ni yote mawili.

## Ipi ndiyo sauti?

Hapa ndipo tulipobishana, na ubishi haujaisha.

Mwalimu anashikilia kwamba sauti sahihi ni ya mashine ya kwanza. Mtunzi wa muziki alichagua nusu akijua nusu inasikikaje. Kumbadilishia ni kumdhulumu. Dada anasema ya kutunzwa ni yote mawili, ila programu ya mtu ipimwe kwa chuma kilichopo mezani. Fundi hakuingia kwenye hoja. Alisema tu kwamba watu wakileta mashine zao kutengenezwa, wakisikia sauti ile wanacheka.

Mimi niko na Fundi, na nitasema kwa nini. Emuleta ikisakinishwa leo, sauti inayokuja bila kuombwa ni ya Japani na Marekani. Mtoto wa Temeke akitafuta sauti ambayo mjomba wake aliisikia, hataipata kwa kubonyeza tu. Nilipochimba nikakuta emuleta za Mesen na FCEUX zote zina mahali pa kubadilishana maumbo ya wimbi, chaguo dogo ndani ya mipangilio. Niliposoma maneno yale nilifurahi mno. Kuna mtu mahali fulani aliyesikia nilichosikia, akajua kwamba utoto wake ulikuwa na sauti yake, akaiandikia chaguo ili isipotee.

Kumbukumbu ya sauti ni kitu cha kweli. Nakala iliyosikiwa na mamilioni ya watu imekuwa asili yao.

## Mashine haijisikii

Ikabaki kazi. Nataka programu yangu itoe sauti niliyoikusudia popote inapopigwa. Kasi tunaigundua: Y ikiwa 27, programu inachukua jedwali la noti la mashine hii, ambamo namba ya kuandika kwa noti ya A (hezi 440) ni 251 badala ya 253. Ukiacha 253 unapata hezi 436 hivi, chini kidogo ya 440.

Lakini umbo la wimbi haligunduliki. Anwani ya $4000 ni ya kuandikwa tu. Ukiisoma, hairudishi ulichoandika. Prosesa inaweza kuhesabu mapigo yake na kusoma vidole vyako kwenye pedi, lakini haiwezi kujisikia ikiimba. Usiku mzima nilitafuta njia ya kuzunguka hilo, na wenzangu nao wakatafuta. Haipo.

Dada ndiye aliyelimaliza. "Kama yenyewe haisikii, muulize anayesikia."

Kwa hiyo toleo la sasa linafunguka kwa skrini nyeusi yenye namba ya Y juu kushoto. Linapiga noti mbili, moja baada ya nyingine. Ukiona ya kwanza ndiyo nene, bonyeza A. Ukiona ni ya pili, bonyeza B, nalo litazipishanisha zile biti mbili kila mara kabla ya kuzipeleka $4000.

Tumeshaijaribu kwenye mashine nyingine, ya mpwa wake dada huko Mombasa. Tone jeusi lilelile, namba 1B ileile. Biti zake hazijapishana.

Fundi sasa anakusanya zaidi. Kama unayo kabatini, hata kama haiwaki, usiitupe. Wengi hulalamika haiwaki kumbe ni waya wa umeme tu. Ikiwaka, iwe ya pini 60 kwenye kaseti, tuandikie namba iliyoonekana juu kushoto na kitufe ulichobonyeza. Na usikilize kwa spika ya tivi, siyo kwa simu.